Kiraka Nyuma ya Mshipi

Wanaowajua Warumi mjini London ni wengi, kila mmoja na kaizari wake. Lakini mishipi ya askari wa Kirumi, ile ya mwisho mwisho, ya zama ambazo dola yenyewe ilikuwa imeanza kuwapwaya kiunoni, ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Bi Vasanti, binti wa sonara wa Mkunazini, Unguja, aliyeondoka kwao na wazee wake baada ya Mapinduzi na sasa akikaa Queensbury, pembezoni mwa London. Mfupi, mkali, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi. Mtu akichimba kipande cha shaba cha mshipi popote Uingereza, na hata huko ng'ambo kwenye mto Rhine, akashindwa kukijua ni nini na ni cha lini, hatimaye hukitia kwenye kiboksi na pamba akampelekea yeye.

Zainab binti Matar alikuwa msaidizi wake. Alizaliwa Tottenham kwa wazee wa Kipemba, akasoma chuo kikuu, akapata shahada moja, akaongeza ya pili, akaajiriwa katika bohari ya vitu vya kale mashariki ya mji akiamini kwamba anajua kitu. Imani hiyo ilidumu mpaka siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana.

Siku hiyo Bi Vasanti alipewa kipande cha kijani, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kimetoka kwenye udongo wa Kent. Hakukitazama. Alifumba macho, akakipapasa.

"Ncha ya mshipi," akasema kwa Kiswahili, maana alikwisha kuuliza jina la Zainab na la babake, akajua anazungumza na nani. "Hii hukaa mwisho wa ngozi, ikaning'inia mbele, ngozi isikunjamane na bwana apate kuringa. Umbo la mtungi. Imekatwa kwenye bamba, kisha ikapigwa nakshi ya vijiduara kwa kekee. Na aliyeipiga alikuwa na haraka, kekee yake butu upande mmoja. Ninavyo vyengine viwili vya mkono wake huyu."

Zainab alidhani ni majisifu ya watu wazima. Jioni, Bi Vasanti alipokwenda zake, akafungua madroo, akatafuta, akavipata viwili hivyo, akaviweka chini ya hadubini. Kila kijiduara kilikuwa na ukingo mmoja uliofifia, upande ule ule, kwenye vipande vilivyotoka wilaya tofauti. Fundi yule kafa miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na bibi mmoja wa Queensbury anamtambua kwa dole gumba. Tangu jioni ile Zainab alimpenda Bi Vasanti mapenzi ya kutisha, yale ya mtu kuona kwamba akili ya binadamu inaweza kufika pale.

Na mishipi yenyewe ilistahili kupendwa. Ilikuwa mipana, ya ngozi ya ng'ombe, na asiyekuwa askari au mtu wa serikali hakuifunga. Kufunga mshipi ndiko kuwa kazini, kuvua mshipi ndiko kuacha kazi. Ngozi imeoza yote, imebaki shaba tu: bizimu lake la kufungia, mara nyingi pomboo wawili wametazamana, na vile vibati vyembamba katikati, vipana kwenye ncha mbili, vilivyogongomewa kwa ribiti, vile vijipini vya shaba vinavyopondwa kichwa, kukingama ngozi isijikunje tumboni. Vitabuni vina jina refu. Bi Vasanti na Zainab waliviita mapangaboi, maana ndivyo vilivyo, kama pangaboi la dari lenye mabawa mawili. "Ukiona vyaelea vimeundwa," Bi Vasanti alikuwa akisema, akigeuza kimoja kwenye mwanga. "Hata tumbo la askari lina fundi wake."

Basi, Bi Vasanti alikuwa ameandika kitabu. Alikiandika kwa zaidi ya miaka ishirini, na moyo wa kitabu hicho ulikuwa jedwali: kila mshipi uliopatikana kaburini, umbo lake, nakshi yake, na mwisho kabisa mwaka aliozikwa mwenyewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzuri. Jeshi la Kirumi lilikuwa na karakana zake, na askari alipewa vifaa na serikali. Mshipi ukichakaa, anapewa mwengine. Kwa hiyo mshipi haukai sana kiunoni mwa mtu, na ukijua umetengenezwa lini, umejua kwa karibu mwenyewe kafa lini. Wataalamu walikuwa wakilingoja jedwali hilo kwa hamu. Karatasi za majaribio zilikwisha rudi kutoka kwa wachapaji, na zilitakiwa zirudishwe Ijumaa zikiwa zimesahihishwa. Baada ya hapo kitabu kitapigwa chapa, na Bi Vasanti atastaafu.

Nguzo ya jedwali lile ilikuwa kaburi moja lililochimbwa mashariki ya mji, mahali palipokuwa pakijengwa maofisi. Mwanamume wa makamo, kalazwa chali, mshipi wake umekunjwa na kuwekwa karibu na miguu. Bizimu la pomboo, mapangaboi manne, yote yametulia kama yalivyotulia siku ya maziko. Bi Vasanti aliyatazama, akasema yametengenezwa katikati ya karne ya nne, na mtu huyu hakuzikwa baada ya mwaka mia tatu na sabini. Makaburi mengi mengine yaliegemezwa kwenye hilo.

Zainab akapewa kazi ya kuyasafisha upya mapangaboi yale kwa ajili ya picha. Uso wa kila moja ulikuwa safi. Mgongo ulikuwa bado na kutu, maana hakuna anayepiga picha mgongo. Lakini yeye hakupenda kazi nusu. Alikaa na hadubini na kisu chembamba cha upasuaji, akabandua kutu chembe kwa chembe, na nyuma ya pangaboi la tatu akakuta washa, yaani kile kiduara kinachotiwa nyuma ya ribiti isichomoke kwenye ngozi. Washa za wenzake zilikuwa duara zilizokatwa vizuri. Hii ilikuwa na pembe. Na ilikuwa na picha.

Aliitazama mpaka jicho likamuuma. Ilikuwa sarafu, ndogo, nyembamba, imekatwa pembeni na kutobolewa katikati. Mwanamke mwenye mbawa anamburura mateka, na pembeni zimebaki herufi chache. Sarafu za sura hiyo kila aliyesoma mambo haya anazijua, ziliokotwa kwa maelfu, na hakuna iliyopigwa kabla ya mwaka mia tatu na themanini na nane.

Maana yake ni nini, mtu asiyewajua Warumi anaweza kuiona mwenyewe. Huwezi kutia kiraka kwa kitambaa ambacho hakijafumwa. Mshipi ulitengenezwa katikati ya karne, sawa, hapo Bi Vasanti hakukosea. Lakini mwenyewe alikuwa bado anaufunga na kuutengeneza miaka mingi baada ya siku ambayo jedwali lilikwisha kumzika. Nguzo ilikuwa na ufa, na kitabu kilikuwa kinakwenda kupigwa chapa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Na hapa ndipo adabu ilipotaka kuharibu kazi. Mwengine angenyanyuka, akaita, "Njoo utazame!" Lakini Zainab alilelewa na mamake, Bi Suad, na katika nyumba ya Bi Suad mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea, hata kama mkubwa anamimina chai nje ya kikombe. Mtoto huuliza kama kikombe kimesogea.

Kwa hiyo akaenda kuuliza. "Bi Vasanti, samahani. Hivi hawa askari walikuwa wakikaa na mishipi yao muda gani?"

"Suala zuri, mwanangu," akasema Bi Vasanti, akamweleza habari za karakana za jeshi tangu mwanzo, kwa furaha, na akampa kipande cha keki.

Kesho yake akajaribu tena. "Labda ni macho yangu tu, lakini nahisi nyuma ya lile pangaboi la tatu pana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Pengine uchafu."

"Basi si usafishe!"

Zainab akarudi kwenye meza yake. Alichukia ulimi wake. Alikuwa amelibeba neno zito kama gunia la mchele, akalipunguza, akalipunguza, likafika kwa mwenyewe punje moja. Na kila siku Bi Vasanti alikaa na karatasi zake, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha nukta na mikato ya jedwali ambalo limepinda.

Jumamosi Bi Suad alitenga wali na mchuzi wa pweza, mwanawe akawa anausogeza sogeza kwenye sahani. Bi Suad alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya wazee ya council, yaani halmashauri ya mtaa, na mtu anayekataa chakula hamwachii hata awe profesa.

"Una nini?"

Zainab akamweleza yote, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kiingereza: sarafu, ribiti, jedwali, Ijumaa. Bi Suad hakuuliza habari za Warumi. Aliuliza jambo moja tu.

"Umemwambia?"

"Nimejaribu, Mama. I can't. Nikimwambia umekosea ni kama nimempiga kofi."

"Bila shaka huwezi. Mkubwa haambiwi na mtoto. Anatafutiwa mkubwa mwenzake, anamwendea kwake, wanakaa, wanakunywa chai, halafu ndiyo anaambiwa."

"Mama, this is work. Si mambo ya posa."

"Kwani posa si kazi?" akasema Bi Suad, akainuka kukanda unga wa visheti, maana alijua nyumba ya Bi Vasanti, ya Kihindu, haingii nyama wala yai.

Zainab hakusema nenda, wala hakusema usiende. Jumapili mamake alivaa baibui lake la kutokea, akachukua visheti ndani ya kopo la biskuti, akashuka stesheni ya Seven Sisters kupanda treni ya Victoria line, abadilishe Green Park mpaka Queensbury, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyetumwa na ukoo mzima. Zainab alibaki nyumbani akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Bi Suad aliporudi alisema tu kwamba nyumba ni nzuri, na magoti ya Bi Vasanti ni mabovu kuliko yake. Mshenga mzuri haleti majibu yasiyokuwa yake.

Jumatatu Bi Vasanti, ambaye siku zote alitangulia kufika, alichelewa. Aliingia na koti lake, hakulivua. Akasimama mbele ya meza ya Zainab.

"Bint Matar," akasema. Siku zote alimwita mwanangu. "Jana nimeletewa mshenga."

Zainab alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Nilipomwona mamako mlangoni na kopo lake, nikasema huyu kaja kuniposa kwa ajili ya mjomba wake mjane. Nikaweka chai. Tukala visheti. Tukazungumza bei ya bamia Wembley, tukazungumza magoti. Mchana umekwisha ndiyo ananiambia, 'Shoga, mwanangu ameona kiraka nyuma ya mshipi wa yule maiti wako, na kiraka ni kipya kuliko mshipi.'" Akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Mamako hajasoma Warumi hata siku moja. Sentensi moja tu, nikafahamu kila kitu. Wewe una shahada mbili, wiki nzima unanizungusha na uchafu!"

"Niliona ni utovu wa adabu, Bi Vasanti. Nilikuheshimu."

"Heshima gani ya kuniacha niingie shimoni, na wewe umesimama pembeni unanitazama? Ulidhani nalipenda jina langu kuliko huyu bwana?" Akaelekeza kidole kwenye sanduku la kaburi. Hapo Zainab akaelewa kwamba hakuumizwa na kosa. Aliumizwa na kuonewa huruma.

Machozi yakamlengalenga.

"Utalia baadaye. Niwekee chini ya hadubini."

Bi Vasanti akakaa, bado na koti lake. Zainab akasimama nyuma yake. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa wiki nzima: kumwona mtu huyu mkubwa akipungua mbele ya macho yake. Bi Vasanti alitazama sarafu kidogo tu. "Ndiyo," akasema, "themanini na nane au baadaye. Umeona sawa." Zainab akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Lakini Bi Vasanti hakuinua kichwa. Aliendelea kutazama, akageuza pangaboi, akasogeza taa, akatazama tena, na mabega yake yakaanza kuinuka kidogo kidogo, kama ya mtu anayesikiliza habari tamu.

"Njoo hapa. Umetazama sarafu. Umeutazama mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa aliyeitia! Tazama ribiti za wenzake. Fundi akitaka kutandaza kichwa cha ribiti hugonga pembeni, pole pole, anazunguka. Babangu alikuwa akigonga hivyo, ukisikiliza utadhani mvua juu ya bati. Huyu kapiga dharuba moja, ikaenda upande. Kapiga ya pili, kaibonyeza shaba yenyewe, ona. Na sarafu hakuikata kwa mkasi wa fundi, kaikata kwa kisu. Huyu si fundi, Zainab. Huyu ni mwenyewe."

Zainab akatazama. Alikuwa amelala na pangaboi lile wiki nzima, akaona tarehe tu. Sasa aliona alama mbili za nyundo, moja imekwenda kombo, na nyuma ya nyundo akamwona mtu amekaa mahali na mshipi magotini, ameuma ulimi.

"Na mimi nimejua kwa nini sikuona," akasema Bi Vasanti, na sasa ndiyo akavua koti. "Mamako kanambia. Alinieleza kuwa baada ya masonara kufunga maduka na kuondoka, huko kwao Pemba cheni ikikatika hakuna pa kuipeleka. Mshipi wa jambia wa babu yako ulibanduka bati lake la fedha, na marehemu babako Matar akaugonga mwenyewe, akatia senti kumi nyuma, ile ya tundu. Unaijua? Tundu liko tayari katikati, ribiti inapita. Likakaa kombo, lakini likakaa. Mimi nilikwishapanda meli wakati huo. Sikuliona hilo. Mimi nimekulia nyuma ya meza ya babangu, kila kilichovunjika Unguja nzima kilikuja pale. Nikaandika kitabu kizima nikiamini kwamba siku zote yupo fundi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtoto wa sonara haijui nyumba isiyokuwa na sonara."

Bi Vasanti alichukua pangaboi akaliweka kiganjani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Zainab alikwisha kukiona akishika kazi za mafundi wakubwa, lakini hakutegemea kukiona kwa kazi mbovu kama hii.

"Mwone huyu bwana. Karakana hazileti tena. Mishahara haiji, au inakuja siku moja moja. Fundi kaondoka, au kafa. Na mshipi wa serikali unamfia kiunoni. Angeweza kuutupa akafunga kamba, nani angemuuliza? Yeye kachukua sarafu yake, kaikata, kauunga. Kwa sababu akiuvua, hayuko kazini tena. Yeye alitaka kuwa kazini." Akapangusa macho kwa nyuma ya mkono, bila ya kuficha. "Nakshi zote nilizozisifu maisha yangu, na hii washa ya kombo inazishinda."

Zainab alimtazama mwalimu wake. Dakika chache nyuma mwanamke huyu alikuwa na nguzo, na sasa hana. Badala ya kulia juu ya nguzo amempata mtu, na anafurahi kweli, na furaha yake haina hata chembe ya kujilazimisha. Zainab aliona haya kwa woga wake wa wiki nzima. Alikuwa amemheshimu Bi Vasanti sana, na bado alimpimia kidogo.

"Tutie tanbihi," akasema Zainab. "Chini ya ukurasa. Tuseme kaburi hili lina marekebisho, mwenyewe alizikwa baadaye. Mistari miwili tu, Ijumaa tutawahi. Kitabu kitatoka."

"Na wengine?"

"Wengine wepi?"

"Wote, mwanangu. Kama huyu aliufunga mshipi wake miaka thelathini au zaidi, wenzake je? Nimewazika watu wote hawa kwa tarehe ya fundi aliyewatengenezea mishipi. Si kwa tarehe yao. Tanbihi itamzika nani upya?"

"Lakini Bi Vasanti, ni kazi ya miaka. Na wewe unastaafu."

"Nani kakwambia?"

Akanyanyua simu, akawapigia wachapaji. Zainab alisikia upande mmoja tu, kwa Kiingereza cha upole ambacho Bi Vasanti alikitumia akiwa hataki mjadala. Hapana, si ukurasa mmoja, ni jedwali zima. Ndiyo, anajua kitabu kimekwisha tangazwa. Ndiyo, anajua kwamba wenzake wanakingoja, basi watangoja, na mchapaji akitaka kuwaambia sababu awaambie kwamba mwandishi amekosea na msaidizi wake ndiye aliyeona, Zainab Matar, aandike vizuri, Z mwanzo. Huko upande wa pili mtu alisema maneno mengi. Bi Vasanti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaweka simu chini. Mkono wake ulikaa juu ya simu kidogo, na hapo tu Zainab aliona kwamba umechoka.

"Haya. Toa masanduku."

Waliyatoa kwenye rafu, wakayapanga juu ya meza ndefu. Ndani yake mishipi ilikuwa imepangwa kwenye vibao vya plastiki, kila kipande kimegandishwa kwa gundi, uso juu, mgongo chini. Bi Vasanti mwenyewe ndiye aliyeigandisha, miaka hiyo, kwa uangalifu mkubwa, ili watu wazione nakshi.

Kibao cha kwanza kilikuwa na bizimu la pomboo lililokuwa zuri kuliko yote bohari nzima. Kwa bizimu hilo Bi Vasanti alipata jina, alipokuwa kijana na hakuna aliyemjua. Zainab alinyoosha mkono kulichukua.

"Liache. Mimi nililigandisha, mimi nitalibandua."

Akatia asetoni tone kwa tone kwenye ukingo, ile ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akangoja, akatia tena. Chumba kikanuka kama saluni. Bizimu likaachia. Akaligeuza kiganjani, akaliweka chini ya hadubini bila ya kulitazama, akasogeza kiti chake pembeni.

"Macho yangu yamezoea kuona ninachokitaka. Tazama wewe, unambie."

Zainab akainama. Ribiti mbili zilikuwa nadhifu, vichwa vimetandazwa pole pole, kwa mkono wa fundi. Ya tatu ilikuwa imepondwa, na chini yake palikuwa na kipande cha bamba chenye ncha ya nakshi iliyokatika nusu, nakshi ya kitu chengine kabisa, kilichokatwa ili hiki kipone. Maneno yakamjia mdomoni yamejipanga foleni: samahani, labda, pengine ni macho yangu. Akayameza moja moja.

"Umekosea, Bi Vasanti," akasema. "Na hapa pia umekosea."

Bi Vasanti alikuwa ameshika kalamu nyekundu tayari. Akaikata tarehe ya kaburi hilo kwenye jedwali, akaacha mahali pake wazi, akavuta kibao cha pili.